Mpira Uliopinda Kabla ya Harusi Yangu

Aibu ya kushindwa naivumilia. Aibu ya kuimbwa siivumilii, na ndiyo iliyokuwa ikinisubiri hapa Kindu, Kongo, wiki ya harusi yangu.

Chanzo kilikuwa mchezo. Mpwani mmoja, aliyewahi kutumika katika nyumba ya Waingereza kule Unguja, alitufundisha kriketi kwenye uwanja wa kando ya mto. Vifaa vyao hatukuwa navyo, tukatumia vyetu: kafi la mtumbwi la kupigia, mpira wa utomvu wa msituni, na vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma ya mpigaji. Mtupaji akiviangusha, umetoka.

Mtupaji wetu hodari alikuwa kaka wa mchumba wangu. Mpira aliukwaruza upande mmoja kwa mchanga, upande wa pili akaung'arisha kwa mawese, na doa la mafuta kwenye kanzu yake mama yake alilipigia kelele kila Ijumaa tulipocheza. Basi ule mpira ulitoka mkononi umenyooka kama muungwana; ukikaribia, unapinda. Mimi, mtoto wa wapiga makafi, nilizoea kupeleka kafi mbele kuyafuata maji. Nikaufuata mpira vivyo hivyo, nikapiga hewa, vijiti chini. Wanawake waliokuja kutazama wakanipa jina: Mpiga Upepo. Na kwetu jina la mzaha likimkuta bwana harusi huingia kwenye nyimbo, na likishaimbwa, hata wajukuu watalirithi.

Shemeji hakunionea huruma. "Dada yangu nitakupa," aliniambia. "Vijiti, hapana!"

Nikaenda kulalamika kwa bibi yangu, ambaye tangu utotoni aliniita mume wake na sasa alijidai ana wivu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mume wangu, unakimbilia nini? Mupira iko nakuja kwako, haiko nakwenda kwa muntu mwingine. Ungojee ifike!"

Nilikasirika, maana nilitaka dawa, si mzaha. Lakini dawa nyingine sikuwa nayo.

Ijumaa ya mwisho kabla ya harusi nikasimama mbele ya vijiti. Mpira wa kwanza ulipita pembeni, nikauacha. Wa pili nao nikauacha. "Amelala huyo!" wanawake wakapiga kelele, na mikono ikaniwasha. Uliofuata ulijifanya unakwenda zake, kisha ukapinda kunijia. Nikaungoja mpaka ukawa chini ya pua yangu, kafi likiwa karibu na goti, ndipo nikapiga. Loo! Raha ile niliisikia hadi kwenye meno.

Mpira ukavuka uwanja, ukatua uani kwa wakwe zangu, katikati ya mikeka ulipoanikwa mpunga wa harusi. Mpunga ukatawanyika, kuku wakala karamu kabla ya wageni. Mama mkwe akatoka na mwiko mkononi. Shemeji alianguka chini kwa kicheko; mimi nikatupa kafi, nikakimbia.

Siku ya harusi, Mpiga Upepo hakutajwa. Waliimba Mpiga Mpunga, bwana harusi mwenye njaa asiyengoja mpishi, beti baada ya beti. Nilikuwa karibu kununa niliposikia bibi harusi, aliyetakiwa kukaa kimya ndani ya shela, anacheka kwa sauti mpaka somo wake, mama aliyemfunda, akamfinya. Sijawahi kufurahi vile. Nikaitikia wimbo kwa nguvu kuliko wote, nikawaomba waongeze beti.