Injini Iliyonyamazishwa

Harufu ya petroli iliyoungua nusu ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kiangazi kile pale Galula, kabla hata moshi wa jikoni kwa mama haujanifikia. Baba aliwashia pikipiki yake nje ya chumba nilicholala. Anakanyaga kiki, inakohoa, anakanyaga tena, halafu inaitika. Nilikuwa darasa la tano, na kwangu mimi hakuna mtu duniani aliyekuwa na kazi nzuri kama ya baba: kubeba wachimbaji na madumu yao, kupanda nao mlima wa mawe njia ya Mbangala, na jioni kurudi mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Nilishapanga kabisa kwamba nikikua nitapakia abiria hadi Tunduma, kule malori yanakolala foleni yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Mama alishangaa, mtoto wa kike gani huyo! Baba akamjibu amwache aote tu, ndoto hainywi petroli.

Pikipiki ile ilikuwa na kasoro moja ambayo wala haikuwa kasoro. Tapeti zake, vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu zifunguke, zililia taka-taka-taka, kama kitu kinachogongagonga meno. Baba alinieleza kwamba lazima kiachwe kiupenyo kati ya tapeti na valvu, ule mlango mdogo injini inaopumulia, kwa sababu chuma kikipata moto kinavimba. Kiupenyo hicho alikipima kwa wembe. Ukipita kwa kugusagusa, basi. Lakini kijiweni, pale pikipiki zilipopanga foleni kusubiri abiria, hawakutaka kusikia habari za wembe. Kiongozi wao alikuwa jamaa mmoja mnene, mwenye pikipiki mpya, tuliyemwita Chuma. Baba akitokea tu, Chuma anapaza sauti, "Cherehani hiyo imefika! Nani ana suruali ya kupunguza?" Kijiwe kizima chini kwa kicheko. Mama mmoja muuza karanga alikuja siku moja na kitenge kabisa mkononi, akasema, "Baba Neema, nikatie basi na mie gauni la Krismasi." Baba alicheka pamoja nao. Jioni yake akachukua spana, akabana tapeti mpaka injini ikanyamaza kimya. Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa. Mfupa sawa. Valvu yanaivunja.

Haikupita muda nguvu zikaanza kuisha. Asubuhi ikiwa baridi inakwenda vizuri, ikishapata moto inalegea, na ekzosi inapasuka paa! paa! mpaka kuku wanaruka. Mlimani abiria wakawa wanashuka na kutembea huku wakitukana. Na kijiwe kilikuwa na sheria yake: pikipiki isiyopandisha abiria inatolewa kwenye foleni, na Galula hapakuwa na kijiwe kingine. Chuma akatangaza mbele ya watu wote, "Jumamosi nitapanda mimi mwenyewe na kitambi changu. Ukinifikisha juu, unabaki. Usiponifikisha, mzee wangu, nenda kamsaidie mkeo kupika uji."

Basi tukaanza kutafuta ugonjwa, baba na mimi, kwenye kivuli cha ukuta. Alibadilisha plagi, wapi. Akafungua kabureta, akaipuliza mpaka macho yakamtoka, wapi. Ndipo akachomoa plagi, akaniambia nizibe lile tundu kwa kidole gumba, yeye akakanyaga kiki. Injini nzima ingenisukuma kidole kwa nguvu. Ile ilinigusa tu, kama mtoto mgonjwa anapumua. Akairudisha plagi, akaniambia niweke shavu kwenye mdomo wa ekzosi, naye akaisukuma kiki polepole kwa mkono. Ssss. Upepo ukanipiga shavuni. "Umesikia?" akauliza. Nikasema nimesikia. "Valvu ya ekzosi haifungi. Nimeibana mwenyewe, ikakaa wazi, moto ukaila." Alisema kwa sauti ndogo sana. Tukafungua hedi, kile kichwa cha injini, na kweli, ukingo wa valvu ulikuwa na madoa meusi. Tukaipaka dawa ya kusagia, tukaipekecha kwenye kiti chake kwa viganja, kwa zamu, kama wazee walivyopekecha moto. Viganja vyangu vikatoka malengelenge, na nilikuwa na raha! Baba akamimina petroli juu yake kuona kama itavuja. Haikuvuja hata tone. Akafunga kila kitu, akapima kwa wembe, akawasha. Taka-taka-taka. Tulipanda nayo mlimani, mimi na mama tumekaa nyuma, mama anapiga vigelegele, ikafika juu bila kukohoa.

Jumamosi watu walijaa kama mnadani. Chuma alipoisikia tu akaziba masikio. "Mimi sipandi cherehani! Nyamazisha kwanza hiyo takataka ndiyo nipande." Kijiwe kikadakia, "Nyamazisha! Nyamazisha!" Nilimwona baba akiwatazama mmoja mmoja, akitafuta uso usiocheka. Akatoa spana mfukoni. Nilikimbia nikamshika mkono, nikamwambia, "Baba usibane, itaungua, wewe mwenyewe ulisema." Akanitoa mkono taratibu. "Nyamaza, mwanangu. Usiniaibishe mbele za watu." Akabana. Injini ikanyamaza, wakampigia makofi, na baba, Mungu wangu, akatabasamu. Chuma akapanda. Walifika katikati ya mlima, paa! paa! na hapo ikafa. Chuma alishuka kabla haijasimama, akateremka akicheza kiduku, na watu wazima wakamsindikiza baba mpaka nyumbani wakiimba huku akisukuma pikipiki peke yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Ila lake lilikuwa linasikia vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa naishi Chapwa, hapo Tunduma, naendesha bajaji, na bado naota mengi. Mimi sijui kukaa bila kuota. Pikipiki siku hizi zimejaa kila mahali na valvu mpya unaipata dukani kabla chai haijapoa. Nikienda Galula namkuta baba kijiweni. Foleni walimtoa, ila benchi walimwachia. Vijana wanaomba, "Mzee, tupe ile ya Jumamosi," naye anainuka, anaigiza mlima, anaigiza paa! paa!, na Chuma, ambaye sasa ni rafiki yake wa kahawa, anashika mbavu. Mwisho baba husema valvu yenyewe ilikuwa feki, na wote wanaitikia kwamba vifaa vya siku zile ndivyo vilivyokuwa. Hapo ndipo ananitupia jicho mara moja, haraka. Nami nacheka, nacheka kwa sauti kuliko wote, ili asije akadhani ninakumbuka.