Sukari ya Kumjulia Hali Bihi

Kaka yangu Bihi alikaa nyuma ya kaunta ya duka lake huko Kasablanka miaka thelathini, akiuza mikate myeupe na kuila. Alirudi kwetu milimani na gari, kitambi na kisukari. Kidonda cha kidole gumba cha mguu kikakataa kupona. Daktari wa zahanati akamwambia waziwazi kwamba asipoacha sukari mguu utakatwa. Kisha akauliza mama yetu alikuwa akila nini.

"Shayiri," nikajibu mimi, maana Bihi alikuwa amenuna. "Ugali wa shayiri, mafuta ya argani, dengu. Nyama mpaka sikukuu. Na maji alichota kule bondeni. Kafa bibi kizee, meno yote kinywani."

"Basi mpikie hivyohivyo."

Njiani Bihi akafoka. "Mama alikula shayiri kwa ufukara, Ijja! Mimi nimevuja jasho maisha yangu yote nisiile tena. Leo watu wanikute na chakula cha punda?"

"Heri chakula cha punda kuliko mguu wa mti."

Akala, lakini mlango ukiwa umetiwa komeo, asije mtu akamwona. Hilo nilivumilia. Walionitoa roho ni wageni. Kwetu humjulii hali mgonjwa mikono mitupu: unambebea kichwa cha sukari, lile donge kubwa gumu la kuvunja kwa nyundo. Basi kila aliyesikia Bihi anaumwa kisukari alimletea sukari! Na mgeni haondoki kabla ya glasi ya tatu ya chai, na mwenyeji hunywa naye.

"Usiniaibishe," Bihi alininong'oneza kila mara. "Tia sukari kama watu."

Siku moja nikachoka. Jirani yetu Lahsen kaingia na vichwa viwili, nikamrudishia.

"Lahsen, unamwombea apone au unamchimbia kaburi?"

"We Ijja! Hii ni heshima!"

"Kainywe kwako hiyo heshima."

Ikavuma kwamba nafukuza wageni. Hakuna aliyekanyaga tena. Bihi akala shayiri yake kimya, hanisemeshi, wiki nenda wiki rudi, na kidonda kikafunga. Daktari akanipongeza. Nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Tulipofika nyumbani, Bihi hakukaa hata kidogo.

"Unakwenda wapi tena?"

"Kwa Lahsen. Nimechoka kula na kuta, dada."

Akateremka mlima mwenyewe, bila fimbo, kwa mguu ule niliouokoa, kwenda kunywa chai.