Daraja la Gitaa la Nanga

Mume wangu wanamwita Nanga. Tangu aanze bendi hajawahi kukata kiuno hata kidogo jukwaani. Wenzake wakirukaruka, yeye amesimama palepale, gitaa la besi tumboni, taya amelibandika kwenye ile pembe ya mbao ya juu. Watu wanasema ni madoido. Madoido gani, jamani! Nanga hasikii. Miaka mingi mchana alikuwa kwenye mashine ya kusaga unga, jioni kando ya spika, na masikio yakaisha. Akibandika taya, sauti inapita kwenye mbao inamfikia mfupani. Siri hiyo ilikuwa yangu na yake, maana bendi wakijua watamweka pembeni kwa heshima zote, wampe kiti cha mbele na soda, na mimi namjua, mwaka hauishi atakuwa amekufa kwa kukaa.

Zamani nikimsemesha kidogo tu ananiuliza, "Mbona unanipigia kelele?" Siku hizi napiga kelele kweli, majirani wote wanajua tunapika nini, na yeye haniulizi. Nimelikosa hilo swali, nisidanganye.

Sasa daraja la gitaa likaharibika, kile chuma cha nyuma kinachoshika nyuzi. Jasho la kiganja chake lilikuwa limekitia kutu, skrubu zimegoma, nyuzi zinalegea katikati ya wimbo. Mdogo wake, ambaye ndiye kiongozi wa bendi, akasema twende kwa fundi. Nami nikajipachika.

"Shemeji, hata vyuma vya gitaa unavijua?" akanitania.

"Nakujua wewe, inatosha."

Ukweli ni kwamba nilikwenda ili mtu akimsemesha Nanga kwa nyuma, mahali asipoona midomo, nimguse kiwiko.

Fundi alikuwa mama mmoja mpole, miwani yake imefungwa uzi. Akaweka madaraja mawili mezani, yote yanaingia kwenye matundu yaleyale. Moja la shaba, zito kama pasi. Jingine bamba jembamba lililokunjwa, kama lile la mwanzo.

"Hili zito linatulia," akasema. "Ukipiga uzi, sauti inakaa. Jepesi linaitawanya yote kwenye mbao."

"Zito," akasema shemeji, na wala hakuulizwa.

Likafungwa zito. Nanga akabandika taya, akapiga. Nikamwona anatafuta. Akapiga tena, akakandamiza taya mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Spika ya fundi ilikuwa inanguruma vizuri tu, lakini mbao haikumwambia kitu. Sijawahi kumwona mume wangu na uso ule, hata tulipomzika mama yake.

Likafungwa jepesi. Akapiga mara moja, akafumba macho.

"Hili," akasema.

"Kaka, acha utani!" Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake. "Bati hilo! Kweli husikii tofauti?"

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Kiwiko kilikuwa mbali.

Nanga akajua tu kwamba mtu amesema kitu. Akatabasamu bila kugeuka. "Ndiyo, Jumamosi nitawahi."

Hakuna aliyetaja Jumamosi. Fundi akavua miwani. Shemeji akaita, "Kaka." Akaita tena, kwa nguvu. Nanga anafuta nyuzi kwa kitambaa, hana habari.

Uzalendo ukanishinda. "Hakusikii! Anasikia kwa taya! Kama unamtoa kwenye bendi, mtoe hapahapa mbele yangu, tuone!"

Shemeji alimzunguka polepole, akachuchumaa mbele ya kaka yake, akamwangalia machoni.

"Kaka. Libaki lipi?"

Nanga akanitazama mimi kwanza. Akaelewa kwamba mambo yameshamwagika. Akaonyesha lile bamba.

"Basi libaki hilo," akasema shemeji, kisha akaanza kugombana na fundi juu ya nyuzi, ugomvi usio na kichwa wala miguu, huku anapangusa pua kwa mkono wa shati. Mlangoni akaninong'oneza, "Siku mbao nayo ikinyamaza, atasema mwenyewe. Mimi simtoi."

Nyumbani Nanga akakaa ukingoni mwa kitanda, gitaa halijaunganishwa popote, akawa anapiga taratibu, taya kwenye pembe. Nilikwenda kumwita tukale. Nikafungua mdomo nipige kelele kama kawaida, nikaghairi. Nikapiga magoti, nikalaza kidevu changu kwenye mbao, nyuma ya lile daraja jipya. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe mzee, chakula kinapoa."

Vidole vikasimama juu ya nyuzi. Alikaa hivyo, machozi yanamdondoka juu ya gitaa, wala hakuyafuta.

"Mbona unanipigia kelele?" akasema.