Jicho la Felisiani na Mashine Mbili za Mama Salima

Felisiani Amsi wa Bashay alikuwa na kazi ambayo majirani zake hawakuielewa, na yeye hakujisumbua kuwaelewesha. Wao walilima maharage na ngano. Yeye naye alilima, maana hakuna Mwiraqw anayejiheshimu atakayekaa juu ya udongo ule mwekundu bila kuutia jembe. Lakini mvua zikishakatika alijifungia katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, chenye mlango wa chuma na kufuli mbili, akatengeneza upya risasi za kampuni ya uwindaji. Maganda matupu ya shaba yalirudi kutoka kambini. Yeye aliyasafisha, akayabana yarudi kwenye umbo lake, akatia fataki mpya ya kuwashia, baruti iliyopimwa, na kichwa kipya. Kibali kilining'inia ukutani, na wakaguzi walikuja kila mwaka wakahesabu vitu vyote mpaka fataki ya mwisho.

Miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo, na kwenye kila boksi aliandika jina lake kwa kalamu ya wino. Alijivuna nalo, tusimsingizie unyenyekevu asiokuwa nao. Kule kambini wabeba bunduki walikuwa wakiuliza kwanza kama boksi ni la Mzee Felisiani, ndipo wajaze mikanda yao.

Mwezi wa nne jicho lake la kulia lilianza kuingia ukungu. Alidhani ni vumbi, akaliosha. Alidhani ni moshi wa jikoni, akamgombeza mkewe Petronila kwa kuni mbichi, na kuni zilikuwa kavu kama mfupa. Mwishowe mama yule alimkalisha kwenye mwanga, akalitazama lile jicho kwa muda mrefu.

"Baba Eunike, huu ni mtoto wa jicho. Mama yangu alikuwa nao."

"Nyamaza, mwanamke. Ni umri tu."

"Na risasi za watu?"

"Nina jicho la pili," alisema Felisiani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jicho la pili nalo halikuwa zima sana, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Sindano ya mzani ilianza kuonekana mbili. Alichungulia ndani ya kila ganda kwa tochi, kama alivyozoea, lakini alichokiona kilikuwa giza tu, na giza lenye baruti na giza lisilo na baruti yanafanana sana. Aliendelea kutia sahihi. Angesema nini? Kwamba yule fundi anayesifiwa haoni? Shamba lisingemtosha, na zaidi ya shamba kulikuwa na lile jina kwenye boksi. Mtu akishaonja heshima, kuirudisha ni kama kurudisha posa.

Mwezi wa nane mashine yake kuukuu ya kubania maganda ilipasuka shingo. Bosi wake, Edson, kijana mwungwana aliyerithi kampuni kwa baba yake, alimchukua kwa gari wakaenda Karatu mjini kwa Mama Salima. Huyu alikuwa mjane wa fundi bunduki, mama aliyekuja na mumewe kutoka Singida zamani, na sasa alikuwa anauza vifaa vya marehemu kwa wenye vibali tu.

"Chagua wewe, mzee wangu," Edson alimwambia. "Jina ni lako. Mimi najua kuendesha gari tu."

Mashine mbili zilikuwa zimefungwa kwenye meza. Ya kwanza ilikuwa chuma kizito chenye mkono mmoja mrefu, cha kufanya jambo moja kwa wakati mmoja: unabana maganda yote, kisha unabadilisha dai, unarudi mwanzo. Dai ni yale mapipa madogo ya chuma yanayofungwa juu ya mashine na kulipatia ganda umbo. Ya pili ilikuwa na sahani inayozunguka yenye dai nne kwa pamoja, na kopo la baruti juu yake. Unavuta mkono, sahani inazunguka, kopo linajipimia lenyewe, na kila ukivuta risasi moja inadondoka imekamilika.

Felisiani alianza na dai, kama mnunuzi wa ng'ombe anavyoanza na meno. Aliingiza kidole cha mwisho ndani ya kila moja, akaizungusha, akasikilizia kwa ukucha. Vidole vyake havikuwa na ukungu. Alikuta mkwaruzo katika dai moja ya seti ya kwanza, akaiweka kando. Mama Salima akacheka, akatoa nyingine kabatini bila ubishi. Lakini moyo wa Felisiani ulikuwa umeshahamia kwenye ile ya sahani. Mashine inayojipimia! Haihitaji mzani wala tochi. Mtu angeweza kuitumia akiwa na jicho moja, hata nusu, na asijue mtu. Alijiona yuko salama mpaka uzeeni.

"Nijaribu hii," alisema.

Mafundi wa kwao hawajaribu mashine kwa baruti. Mama Salima alileta bakuli la uwele, akajaza lile kopo, akampa maganda makuukuu kumi yasiyo na fataki wala vichwa. Felisiani akavuta mkono. Sahani ikazunguka, punje zikateremka, kazi ikaenda kwa raha. Edson akapiga makofi, kisha simu yake ikaita akatoka nje kuongea.

Hapo ndipo alipoingia Katekista Josephati, mzee wa miaka themanini, aliyekuja kuulizia kisu cha kuchinjia. Felisiani alikuwa amefika ganda la saba, mkono wa mashine ukiwa katikati. Sasa, kwa watu wa huku mzee kama yule hasalimiwi kwa kichwa huku mikono iko kazini. Felisiani aliuachia mkono wa mashine, akasimama, akampa mikono yote miwili. Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za maharage yaliyopata wadudu, za yule jirani aliyevunjika nyonga. Katekista alipoondoka, Felisiani alirudi akavuta, akamaliza maganda yote kumi.

Mama Salima hakuwa mtu wa kupoteza uwele wake. Aliweka bakuli mezani ili maganda yamwagwe. La kwanza likamwaga, la pili, la tatu. La saba halikutoa hata punje moja. La nane lilimwaga mara mbili ya wenzake: mkono ulipoachiwa katikati, punje za la saba zilibaki zikingoja, zikaangukia la nane.

Wote wawili waliyatazama. Felisiani aliligeuza lile la saba, akalipiga kwenye kiganja. Halikuwa na kitu. Mwenye macho angeona sahani imesimama wapi, angechungulia, angerekebisha. Yeye alikuwa amepita juu yake kama kipofu, na kama ingekuwa kazi ya kweli angeandika jina lake kwenye boksi.

"Mimi ni muuzaji, baba," Mama Salima alisema taratibu, akikusanya punje zake. "Nilichokiona kinabaki hapa mezani."

Felisiani alimshukuru kwa wema huo, na wema huo ulimchoma kuliko tusi. Alimfikiria Senteu wa Endulen, mbeba bunduki, ambaye nyati akijeruhiwa na mgeni aliyekuja kuwinda, yeye ndiye anayeingia kichakani kummaliza. Senteu hana mashine ya kujaribia. Ana mke, Naserian, na watoto watatu, na risasi aliyopewa.

Edson alirudi akitabasamu. "Haya, tuipakie hii ya haraka?"

"Hapana, bosi. Chukua ile ya hatua moja moja, na dai zile nilizozikagua kwa kidole. Fundi anayeona ataishi nayo miaka thelathini. Lakini fundi huyo si mimi. Mimi sioni."

Edson alidhani ni utani. Alipoona si utani, rangi ilimtoka usoni.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

"Mzee Felisiani! Maboksi... maboksi yote ya msimu huu ni ya baada ya mwezi wa nne."

"Ndiyo maana nasema leo. Yarudishwe yote."

Njiani Edson alipiga simu kambini, sauti yake ikiwa kavu, na siku ya pili yake Senteu mwenyewe alishuka na gari lililobeba maboksi. Felisiani alikuwa anamngoja mlangoni mwa ofisi ya Karatu. Hakutaka kijana huyo aisikie habari hiyo kwa mdomo wa mtu mwingine, na alimweleza yote, tangu ukungu wa kwanza mpaka ganda la saba, bila kujipunguzia.

Senteu alisikiliza akiwa ameegemea gari. Kisha aliufungua mkanda wake, akaanza kuzitoa risasi moja moja na kuzipanga juu ya boneti.

"Jumatatu nilisimama mbele ya nyati na hizi," alisema. "Nilipiga moja, akaanguka. Nilikuwa nimebakiza hizi saba. Sasa niambie, mzee, mbovu ni ipi?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui."

"Huenda zote ni nzima. Huenda ipo moja. Mimi niliyezitengeneza sijui."

Felisiani alijiandaa kutukanwa, na kwa kweli alitamani atukanwe, apumzike. Yule kijana akainua uso, akamsogelea, akalitazama jicho lenye ukungu kwa karibu kabisa, kama mfugaji anavyomtazama ndama aliyeugua.

"Na lenyewe," aliuliza, "linakuuma?"

"Haliumi," Felisiani alijibu, na machozi yakamtoka, jicho bovu na zima sawasawa.