Gari la Twaha na Breki Zilizokataa Kupona

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya wilaya, fomeni aliniuliza nimemletea nani chakula. Nilikuwa nimevaa ovaroli la kaka yangu, nimelikunja miguuni, na mkononi sina hata kikombe. Nikamwamkia, "Shikamoo, fomeni. Nimekuja kazini." Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeumwa na siafu, akanipeleka kwenye lori la mchanga, akasema, "Haya, toa ngoma hiyo."

Ngoma ya breki ni bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vibao viwili vinavyotanuka unapokanyaga pedeli, vikalisugua bakuli mpaka likasimama. Ile ilikuwa imegandana kwa kutu. Wanaume wa karakana walisimama kunitazama nikiigonga kwa nyundo, na wengine walikuwa wameshaanza kucheka. Ilipoachia, nilikuwa nalia kwa hasira. Fomeni akaniambia, "Kesho njoo na ovaroli lako mwenyewe." Nikajua nimepata kazi.

Yule mzee alikuwa mkali na mchafu wa mdomo, nami nilimpenda. Alitufundisha jambo moja kuliko yote. "Dereva usimuulize gari lina nini, hajui. Muulize linafanya nini, na linafanya lini."

Baadaye nilihamia Dar, kwenye kampuni moja ya mabasi. Huko mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Ufundi, bwana mpole mwenye viatu vinavyong'aa, na neno lake lilikuwa moja tu: "Badilisha!" Breki ikilia, badilisha. Pedeli ikizama, badilisha. Mara nyingi pedeli inayozama inataka kutolewa upepo tu, maana hewa ikiingia kwenye mafuta ya breki unakanyaga hewa badala ya kukanyaga breki. Nilibishana naye miaka yote, na siku ninaondoka akanipa mkono akasema atanikumbuka kwa ubishi. Nami namkumbuka kwa viatu.

Nikarudi kwetu Bagamoyo, nikafungua banda langu kwenye njia ya Kaole, nikaandika "BREKI TU". Wateja wakaniita Bi Fundi. Gari ninalotaka kuwasimulia, ninyi mnaoanza kazi, lilikuwa la mwisho kuingia bandani.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, la milango miwili, jekundu, lenye injini ya kufukuzana na upepo na rimu za matundu mapana. Mwenyewe, Twaha, alifariki kwa maradhi, akaliacha kwa mama yake. Mdogo wake Twaha, Hamisi, ndiye aliyelileta.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba. Linafanya nini?"

"Ukikanyaga breki linaruka kulia. Mafundi wamebadilisha pedi, wamebadilisha kalipa ya kulia, masta silinda, mafuta. Linapona, kisha linaumwa tena. Jumapili tunamwoza Rukia, mtoto wa marehemu, anakwenda kwa mumewe Kiwangwa. Ameapa atatoka nyumbani kwa gari la baba yake au atakwenda kwa miguu. Mimi nasema gari lina mkosi. Usipoliweza, Jumamosi linakwenda kwa wanunua chuma chakavu."

"Na linaanza kuumwa lini?"

Akafikiri. "Ijumaa. Wallahi, Bi Fundi, kila mara ni Ijumaa. Ndiyo maana nasema mkosi."

Niliudhika. Breki haijui Ijumaa wala Jumatatu. Nikaliendesha kuelekea Kaole, nikakanyaga. Pedeli ilikuwa ngumu, nzuri kabisa, lakini usukani ulinitoka mkononi na nusura niingie kwenye minazi ya watu. Nikawaza bibi harusi akiwa ndani, na lori linakuja mbele. Nilirudi kwa gia ya kwanza mpaka bandani, na sioni haya kusema.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wenzangu wote walipopotea. Gari likiruka kulia, mtu hukimbilia gurudumu la kulia. Lakini gari huvutwa na upande unaoshika, na unaoshika ndio mzima. Mgonjwa ni ule wa pili, ambao hausemi kitu. Nikafungua kushoto. Pedi, vile vibao vidogo vinavyoibana diski, zilikuwa zinang'aa kwa mafuta, na diski yenyewe, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, vilevile.

Mafuta yametoka wapi? Si ya breki, kwani mkebe wake ulikuwa umejaa na kalipa, lile koleo linalozikaza pedi, ilikuwa kavu. Si grisi ya beringi. Nikanusa. Yalikuwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa wanayovipaka vyombo vya baharini. Harufu yake ungeisikia toka barabarani, lakini Bagamoyo nani atamhoji mtu kwa kunuka samaki? Kila fundi alinusa akadhani ni mji.

Nikasafisha diski, nikaweka pedi mpya, nikalirudisha gari Alhamisi bila kumwambia Hamisi neno. Ijumaa asubuhi nikaenda kwao.

Gari lilikuwa uani, ubavu wake wa kulia umebanwa na ukuta hata paka asipite. Upande wa kushoto alikuwa ameketi mkekani Bi Zaina, mama yake Twaha, kopo liko pembeni, anapitisha kitambaa katika matundu ya rimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Angalia kopo lisimwagike."

"Unafanya nini, mama?"

"Nalipaka gari la Twaha, kila Ijumaa kabla ya sala. Marehemu mume wangu akisema kisichopakwa sifa, bahari itakila. Kama mbao inaliwa, chuma je?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, sikujua nianze na lipi. Ningeweza kunyamaza, nikamwambia Hamisi alifungie gari mbali. Lakini breki hazina siri. Anayeligusa gari lazima ajue. Nikaketi mkekani, nikamweleza polepole. Diski ikipata mafuta, pedi huteleza, na gari lenye upande mmoja unaoteleza halisimami, linaruka.

Kitambaa kikasimama mkononi mwake.

"Kwa hiyo Rukia angekufa kwa mkono wangu."

"Mama, hukujua."

"Nimeuliza, angekufa?"

"Angeweza," nikasema.

Aliinuka, akachukua kopo lake, akaingia ndani akafunga mlango. Nilibaki mkekani najiona muuaji. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikafanya kazi. Nikatoa pedi nikaweka nyingine, nikasugua diski mpaka ikang'aa, na nilipolala chini ya gari nikaona jambo. Kutu ya upande wa kulia nilikuwa nimeiona bandani na sikushangaa, gari gani la kwetu halina kutu? Ajabu ilikuwa kushoto. Kingo za chini za madigadi, bawaba za mlango, vyote vilikuwa vizima kama jana vimetoka kiwandani. Nikagonga mlango wa Bi Zaina nimwambie. Hakufungua.

Jumapili Hamisi alishika usukani, Rukia akakaa mbele na maua yake, mimi nyuma, magoti yamenifika kidevuni, maana nilimwambia Hamisi gari haliendi bila mimi. Bi Zaina aliwaaga dirishani, hakutoka. Karibu na Kiwangwa trekta la mananasi likatoka shambani mbele yetu. Hamisi akakanyaga. Gari likasimama limenyooka njiani, na nanasi moja likadondoka likabingirika mpaka kwenye bampa yetu. Rukia akacheka, kisha akalia, akasema, "Baba angelipenda hili."

Baada ya hapo nilifunga banda. Magoti yamechoka kulala chini ya magari, na vijana siku hizi wana mashine ya kuchomeka kwenye gari inayowaambia kila kitu. Iulizeni, si vibaya, na mimi ningekuwa nayo ningeiuliza. Ila haina pua, wala haitawaambia nani anakaa karibu na gari asubuhi, wala kwa nini. Hayo mtayatafuta wenyewe, na mkiyapata mtayasema kwa adabu.

Kabla sijafunga, nilimwomba Hamisi alilaze lile gari uani kinyumenyume, ukuta uwe kushoto. Ijumaa yake nikaenda. Safari hii Bi Zaina alifungua. Nikamwambia, "Mama, magurudumu niachie mimi. Bodi ni yako." Nikampeleka upande wa kulia, nikauweka mkono wake chini ya madigadi, na kutu ikamdondokea kiganjani vipande vipande.

"Na kule?" akauliza.

"Kule ulikokuwa ukipaka hakuna kutu, mama. Mkono wako ndio uliolibakisha."

Akaikung'uta ile kutu kiganjani. Kisha akatandika mkeka, akafungua kopo, akachovya kitambaa.

"Nisamehe, Twaha," akasema. "Huku sikuwa nafika."