Mwimbaji wa Ganda na Woga Wangu

Mwaka ule wa njaa niliondoka Nairobi kwenda kukusanya nyimbo za ukame za wenyeji wa pwani, nizilinganishe na tungo za Waafrika waliotawanyika ng'ambo. Wenzangu chuoni walinicheka: watu wanatafuta unga, wewe nyimbo. Haya, nikaenda.

Saa nne asubuhi nilishuka Malindi, na adhuhuri nikawa kijijini Ganda kwa Mama Kadzo, mkulima ambaye mahindi yake yalikauka yakiwa yamefika magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabla sijaimba, andika jina langu. Aliyekutangulia aliandika 'wimbo wa Wagiriama.' Kwani tulikaa wote tukautunga?"

Nikaliandika kwenye kipande cha karatasi, pamoja na la babake. Akaimba, nami nikiandika daftarini, juu ya mvua iliyokataa kunyesha, kisha akamtaja chifu aliyeficha mahindi ya msaada. Hapo nikaanza kuogopa. Miaka ile karatasi tu ilitosha kumfunga mtu.

"Na hapo pa chifu niandike?"

"Hapo ndipo penyewe, mwanangu."

Kesho yake mchana, Mariakani, basi la kurudi lilisimamishwa. Askari wawili walipanda, wakawa wanafungua mifuko kuanzia mbele. Mimi nilikuwa nyuma. Nikaichana karatasi ya jina nikaitafuna, kavu hivyo hivyo. Nilijiambia namlinda Mama Kadzo. Kusema kweli, nilijilinda mimi.

Askari alitazama kitambulisho changu. "Mwalimu? Safari njema." Daftari hakuligusa.

Jina la Mama Kadzo sikulisahau hata siku moja. Lakini kitabu kilipochapishwa, ubeti wa chifu niliuruka, na chini ya wimbo nikaandika: mwimbaji hajulikani. Woga haukuwa umenitoka.

Mwaka uliofuata nilimpelekea nakala. Binti yake akamsomea hadi mwisho.

"Hajulikani na nani?" Mama Kadzo akaniuliza, taratibu.

Nikamweleza habari za askari, na za chifu.

"Chifu? Huo wimbo nilimwimbia mwenyewe, uso kwa uso, kwenye harusi ya mwanawe. Kwetu anayekosa huimbiwa akiwapo. Alitazama chini, na juma lile mahindi yakagawiwa."

Nikajua kwamba nilikuwa nimeogopa kwa niaba ya mtu asiyeogopa, na woga huo ndio uliomfuta. Hilo halikuwamo kitabuni.

Akanisogezea nakala. "Kalamu si unayo? Andika."

Tulikuwa watatu tu uani, na askari hakuwapo. Hata hivyo nilitazama njiani kwanza, ndipo nikaliandika jina lake.