Kifuniko cha Cherehani ya Shangazi

Shangazi yangu amefanya kazi katika hoteli moja kwa miaka ishirini na sita, lakini ukimuuliza mwajiri wake ni nani, atakuuliza kwanza unamtaka wa mwaka gani. Hoteli imeuzwa mara tatu na kubeba majina manne. Yeye hajabadilisha hata kiti.

Kazi yake ni kushona: mashuka, foronya, sare za wahudumu. Kila jina jipya likija, anafumua nembo ya zamani na kushona mpya. Mwanzoni hoteli ilikuwa ya mzee mmoja aliyeingia jikoni kuonja mchuzi mwenyewe. Siku hizi nembo ni ya kampuni moja, jengo ni la kampuni nyingine, na waendeshaji, wanaomlipa shangazi mshahara, ni kampuni ya tatu. Nilipomwomba anifafanulie, alisema ni gauni la kuazima: kitambaa cha huyu, mshono wa yule, anayelivaa mwingine kabisa. Nilicheka, nikaelewa.

Cherehani, hata hivyo, ilikuwa yake. Aliachiwa na mama yake, yaani bibi yangu, akaja nayo kazini wiki ya kwanza kwa sababu mzee hakuwa na ya kumpa. Kila hoteli ilipouzwa, kabla wahesabu mali hawajafika, aliirudisha nyumbani kwa mkokoteni. Mzee ndiye aliyemfundisha hivyo.

Mwaka huu hoteli haikuuzwa. Ulitoka uamuzi tu kwamba mashuka yatakodiwa kiwandani, chumba cha kushonea kifungwe na vifaa vyake viuzwe. Mhesabu mali alikuja bila taarifa. Shangazi alikuwa ameishonea cherehani kifuniko cha shuka kuukuu, na kwa kuipenda kazi yake akakipamba kwa nembo zote nne. Yule bwana akaona nembo, hakuuliza mtu, akabandika namba.

Nilikasirika kuliko yeye. Alitegemea kushona nyumbani baada ya kustaafu. Bila cherehani ile angekaa tu akitazama ukuta. Nikamwambia akawashe moto. Akaenda kwa meneja, akabisha hodi taratibu.

Meneja alimsikiliza kwa heshima. "Mama, ingekuwa mimi, ungeondoka nayo leo. Lakini mimi ni wa waendeshaji. Vilivyomo humu ni vya wenye jengo, na wao hata hawakujui."

"Basi mwanangu, fungua orodha ya vitu walivyonunua," shangazi akasema. "Kama imo, waichukue."

Meneja akasoma kurasa kumi na moja. Pasi zilikuwemo, makabati, hata ndoo. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Cherehani haikuwemo. Akawaandikia wenye jengo, na baada ya siku tisa likaja jibu la mstari mmoja: hawakuinunua, hawaidai. Akabandua namba kwa ukucha wake mwenyewe.

Nilipofika na mkokoteni, nilimkuta shangazi akifumua nembo kwenye kifuniko, moja baada ya nyingine, bila haraka. Zilipokwisha, akatunga uzi na kuanza kushona herufi za jina la bibi. Kwenye herufi ya pili mkono ukasimama, machozi yakamtoka.

"Nimeshona majina ya watu miaka yote hii," akasema. "La mama sijawahi."